Nilivyomzika Mama Uwandani

Soko la Flagey, hapa Brussels, likifungwa siku ya mvua, wauzaji hukunja maturubai yao yakiwa bado mabichi, na harufu inayotoka humo hunishika kooni. Ni harufu ya mpira, nyasi zilizolaliwa na moshi usiojulikana umetoka wapi. Waulize wenzangu wa rika langu utoto wao unanukia nini, watakutajia mkate, mafuta ya nywele, sabuni ya bibi. Wangu unanukia turubai. Majuzi nilisimama pale na mfuko wa vitunguu mkononi muda mrefu hivi kwamba muuza jibini akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Kisha nikapanda basi kwenda mtaa wa Forest kwa mama, ingawa haikuwa siku yangu ya kumtembelea.

Kwetu Lubumbashi msiba tunauita kilio, na kilio huanza na turubai. Mtu akifa, hata jeneza halijatafutwa, turubai limeshafungwa uani. Makochi yanatolewa nje ya nyumba. Wanawake wanalala chini sakafuni, wanaume wanalala nje kuzunguka moto, majirani wanapika, na watu wanaimba mpaka sauti zikauke. Sisi watoto tulivipenda vilio, nisiwe mnafiki. Kulikuwa na binamu wengi, biskuti, na hakuna aliyetukumbusha kuoga.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtoto alilijua bila kufundishwa: habari ya kifo haisemwi. Inafichwa. Aliyefiwa anaambiwa, "Kuya mbio, maman eko malade kidogo," yaani mama anaumwa kidogo tu, anapandishwa gari, anapewa maji ya kunywa, anaulizwa habari za masomo. Anapokata kona ya barabara ya kwao na kuliona turubai, hapo ndipo anajua. Turubai ndilo linalosema. Watu wazima kazi yao ni kutabasamu tu.

Kwa hiyo nilifika Ulaya nikiwa na elimu hiyo kamili. Turubai, moto, nyimbo, kulala chini, vichwa vilivyonyolewa. Sikuwa nimewahi kuona mtu mwenye akili timamu akilala nje kwa raha zake huku ana kitanda nyumbani.

Tulitangulia papa na mimi. Mama alibaki kwa dada yake akisubiri karatasi zake, nasi tukakaa Forest, ghorofa ya juu kabisa, upande ambao ukifungua dirisha unasikia malori ya kiwanda cha magari. Kila Jumapili baada ya misa papa alikwaruza kadi ya simu kwa ukucha, akabonyeza namba nyingi, kisha akanipa mimi kwanza. Mama aliuliza nimekula nini. Nilimwambia. Aliuliza nani amenisuka. Nilimwambia hakuna, na alicheka, lakini kicheko kilikatika haraka kuliko kadi.

Kiangazi cha kwanza, Jumapili moja, simu ya kule haikupokelewa. "Ni réseau," papa alisema, yaani mtandao. Jumapili iliyofuata haikupokelewa tena. Katikati ya wiki aliongea na watu wa kule akiwa amefunga mlango, na nilipoingia akahamia Kiluba, lugha aliyojua fika kwamba siielewi. Nikamuuliza mama yuko wapi.

"Maman yako eko bien," alisema. "Usiulize-ulize mambo, Mwadi."

Alisema kama mtu anayebeba sufuria iliyojaa mpaka ukingoni. Nami nilikuwa nimezisikia sauti za namna hiyo.

Kisha akaniketisha kwenye kiti cha jikoni kunipa habari ya kambi ya watoto wa parokia. "Bon. Lundi utaenda ku camp na batoto ba paroisse. Mutalala inje. Kuko bâche, kuko moto, mutaimba. Batawapikia. Usilie, unasikia?"

Bâche ndilo turubai. Na nani alikuwa ametaja kulia?

Papa hakuwa na mikono ya kusuka. Alisema huko tunakoenda kuna upepo na vumbi, na nywele zangu zilikuwa zimeshakuwa kichaka, basi akachukua mashine yake ya kunyolea akaninyoa zote. Nilipojitazama kwenye kioo midomo ikaanza kunitetemeka. Ili kunituliza, akainama juu ya karai akajinyoa na yeye. "Ona, na miye pia. Tuko sawasawa." Alikuwa akitabasamu, na povu la sabuni lilikuwa limebaki nyuma ya sikio lake. Baba mnyolewa, mtoto mnyolewa. Halafu, kwa kuwa hatukuwa na mfuko wa kulalia, alitoa sandukuni kitenge cha mama, kile cheusi chenye maua madogo meupe, akakikunja ndani ya begi langu.

Sikulia. Kwetu mtoto hatangulii kulia kabla turubai halijaonekana.

Basi lilitoka mjini kupitia Auderghem, likaingia msituni, miti mirefu isiyo na ndege, kisha msitu ukaisha ghafla na kukawa hakuna kitu. Sijui niueleze vipi uwanda ule. Mashamba ya viazi sukari vile vyeupe, sawasawa mpaka mwisho wa macho, na upepo usio na pa kugonga. Katikati yake palikuwa na ngome ya zamani. Enzi zile mpaka wa nchi ulipita pale, askari wakiulinda, na sasa serikali imeitunza iwe mahali pa matembezi: handaki lenye nyasi, mizinga miwili iliyopakwa rangi, mnara wa mbao uliojengwa upya ili watoto waupande. Na chini ya mnara, kwa safu, kama walivyolala askari wa zamani, yalikuwa maturubai.

Nilibaki kwenye ngazi ya basi. Nyuma yangu watoto walisukumana na kupiga kelele za furaha. Nilihesabu nguzo tu, nikitafuta uso wa shangazi yeyote, mtu yeyote wa kwetu wa kuja kunishika mabega, maana aliyefiwa haachwi ashuke peke yake. Hakuja mtu. Kiongozi wetu, msichana wa Kibelgiji aliyeitwa Élise, alininyooshea mkono huku akitabasamu. Nililijua lile tabasamu. Nikashuka.

Niliyelala naye hemani alikuwa Aisha, Mrundi wa Bujumbura, Mwislamu aliyeletwa kambini na mama yake kwa sababu wasimamizi walimwahidi kuwa hatapewa nguruwe. Kiswahili chake kilikuwa cha mtaa wa Buyenzi, kimenyooka kuliko changu, na alinicheka kidogo kila nilipofungua mdomo. Tulipokuwa tukitandika nilimuuliza, "Hii kilio ni ya nani?"

"Kilio gani?"

"Nani amekufa?"

Aisha alichungulia nje. Upande wa pili wa handaki kulikuwa na misalaba ya mawe, michache, imeinama. "Labda hao askari. Lakini hao walikufa zamani, wewe."

"Batu habalale inje juu ya bafu ba zamani."

Watu hawalali nje kwa ajili ya wafu wa zamani: Aisha aliliona hilo kuwa na maana. "Sisi tunazika siku hiyo hiyo," alisema. "Hatulali nje." Kisha akanitazama vizuri. "Nani alikunyoa?"

"Papa. Na yeye amejinyoa."

"Mama yako yuko wapi?"

"Lubumbashi."

"Anapiga simu?"

"Hapigake tena."

Aisha aliweka chini blanketi alilokuwa amelishika. Akasema polepole yale maneno ya Kiarabu wanayoyasema Waislamu wakisikia msiba, halafu akanishika mkono. "Pole, Mwadi," alisema. Alikuwa mtu wa kwanza kunipa pole. Mpaka dakika ile nilikuwa na shaka tu. Pole ya Aisha ndiyo iliyomuua mama.

Jioni wakawasha moto. Watoto wote walikaa kwenye magogo, mimi nikakaa chini kwenye udongo, miguu nimeinyoosha mbele, kitenge cha mama mabegani, kama wanavyokaa wenye msiba. Élise alinivuta nikae gogoni. Nilikataa. Wakaanza kuimba, nyimbo za Kifaransa za kupokezana zenye makofi, na mimi niliona ni vizuri, wamejitahidi, ingawa hawajui nyimbo zenyewe. Halafu nikatoa sauti.

Kwetu mtu halii tu. Analia akisema. Nilimwambia mama ameniacha na nani. Nilimwambia kichwa changu kimebaki wazi, nani atanisuka. Nilimwambia papa hajui kupika mchele, unashikana. Sauti ilitoka kwangu nami nikaishangaa, kwa sababu ilikuwa sauti ya mama mwenyewe, vile alivyomlilia bibi. Wimbo ulikufa. Kisha mvulana mmoja mdogo akaanza kulia kwa ajili ya mama yake aliyekuwa salama salimini pale Flagey, akafuata mwingine, na mwingine, na Aisha akalia kwa sababu mimi nililia, mpaka kando yote ya moto ikawa ni kilio kitupu na wale vijana wasimamizi wanakimbia huku na huku na vitambaa. Upepo ulikichukua ukakipeleka uwandani. Tulimlilia mtu sawasawa, kwa haki yake yote, na mtu huyo alikuwa hai.

Élise aliniletea maziwa ya chokoleti na biskuti. Chakula cha msiba, nikafikiri. Akaniuliza nini kinaniuma, nikasema, "Maman." Akanikumbatia, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba mama yangu yupo pamoja nami hata kama yuko mbali, kwamba ananifikiria kule aliko. Padre wetu wa Lubumbashi alisema maneno yayo hayo makaburini. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Asubuhi mtunzaji wa ngome, mzee aliyevaa koti la askari wa kale lenye vifungo vya shaba, alituzungusha. Alituonyesha matundu ya bunduki na tanuri la mikate. Kwenye misalaba alisoma majina ya askari. Mwishoni kulikuwa na jiwe fupi lisilo na maandishi. Huyu alikuwa mwanamke, alisema, labda mke wa askari, labda mfua nguo, alikuja kutoka mbali akafia hapa mpakani, na jina lake hakuna anayelijua. Wengine wakapita kwenda kupanda mizinga. Mimi nilibaki nikilitazama lile jiwe. Lubumbashi ilikuwa mbali, nisingefika kwenye maziko. Na hapa palikuwa na kaburi la mwanamke kutoka mbali, halina mwenyewe.

Nilirudi pale na Aisha wakati wenzetu wakicheza. Nikachota udongo, nikautupa juu ya jiwe kwa mkono wa kulia. Nikasema yanayosemwa: "Enda muzuri, maman. Usirudie kutusumbua. Tutakaa muzuri." Hayo maneno si ukatili, yanasemwa kwa kila maiti kwetu, kwa sababu mfu asiyeagwa hajui kama amekufa, na atakuja kukaa mezani. Aisha akafungua viganja vyake akaomba dua. Mkatoliki na Mwislamu, tukamzika mama, tukapangusa mikono kwenye nyasi, tukaenda kucheza mpira.

Siku zilizobaki zilikuwa nzuri. Nasema ukweli. Nilikula, nilipanda mnara, nilijifunza kufunga fundo. Aliyezika vizuri hulala vizuri.

Niliporudi Forest, papa alinifungulia mlango akiwa anacheka meno yote nje, simu mkononi. "Kamata! Ongea na maman yako!"

Nikaipokea. "Mwadi," sauti ikasema, "mwana wangu, umekula nini?"

Niliiacha simu ikaanguka sakafuni. Nilikuwa nimemwambia asirudi.

Papa alieleza kila kitu, akizunguka jikoni kwa furaha. Mama alikuwa Kinshasa kufuata visa, simu yake iliibwa kule, na visa imetoka! "Nilificha juu visa haisemwake mbele," alisema. "Batu beko na macho mabaya. Ukisema, inakatala." Hilo nalo ni kweli kwetu. Safari haitangazwi mpaka ndege imepaa. Kuna watu waliotoweka mtaani kwetu tukapata habari zao wakiwa wameshafika Ulaya na wana makoti. Ila sasa nawauliza wenye akili: ukimya wa visa na ukimya wa kifo ni ukimya uleule, una tabasamu lilelile, mtoto atautofautisha na nini? Nilimsikiliza papa kwa adabu. Wanaoficha siku zote huwa na maelezo mazuri.

Mama alifika uwanja wa ndege wa Zaventem wakati majani yameanguka. Alikuwa amekonda, na poda ya safari ilikuwa imemfanya awe na rangi ya majivu. Alinikumbatia na mikono yake ilikuwa baridi. Nilitazama miguu yake kama inagusa chini. Iligusa, lakini hilo halikunitosha, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za wale wanaorudi, wana miguu kama yetu.

Kuna sheria zake, na nilizifuata zote. Hupokei chakula mkononi mwa aliyerudi, maana ukila chake utamfuata anakokaa. Mama alisonga bukari, ugali wa kwetu, akapika sombe ya majani ya mihogo, nyumba nzima ikanukia kwetu, na mimi nikasema nimeshiba shuleni. Nilikula alichopika papa, mchele ulioshikana. Mama akiniita kutoka chumba kingine, sikuitika mara ya kwanza. Nilingoja aite tena, maana wafu huita mara moja tu. Aliponisuka nilifumba macho. Vidole vyake nilivijua, kila kimoja, na kuvijua kwenyewe ndiko kulikonitisha zaidi.

Hakunigombeza. Alikaa dirishani upande wa kiwanda akitazama malori. Nikimkumbuka miezi ile namkumbuka kwa mgongo, hajasogea, taa haijawashwa. Nilimtamani mama yangu, nikamlilia kimya kitandani, na yeye yuko chumba cha pili.

Siku hazigandi. Sijui hofu ilitoka lini, haikuaga. Wakati fulani niligundua kuwa nakula. Lakini kuna kitu hakikurudi mahali pake kati yetu, na nilikua nikidhani ni tabia zetu tu, mama mtulivu na binti mwenye haraka.

Majuzi basi, nikiwa na vitunguu vyangu na ile harufu ya turubai kooni, nilibonyeza kengele yake bila kumwarifu. Papa alikuwa ametoka. Mama alifungua mlango, akanitazama, akashika ubavu wa mlango.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nimekuja tu."

Hakuamini mpaka nilipovua koti. Tukakaa jikoni, nikamsimulia yote, kichwa kilichonyolewa, moto, pole ya Aisha, jiwe, udongo, maneno niliyoyasema. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa akichambua majani ya mlenda na hakuacha kuchambua.

"Nilijuaka," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kama unaniona mufu. Mutoto anakatala bukari ya mama yake. Anangoya nimuite mara mbili. Anaangaria miguu yangu. Miye pia nilikulia kule, Mwadi, ile mambo batu banatufundishaka sisi wote."

"Mbona hukuniambia kuwa si kweli?"

Mama alisukuma majani kando. "Juu na miye sikujua." Alibandua jani lililonata kidoleni. "Ile baridi ya kwanza, papa yako ku kazi, weye ku masomo. Minashuka ku escalier, ngazi zote zile, minasalimia batu, hakuna anaitika. Ku tram hakuna ananiangaria. Jua haiko. Mutoto wangu haikamate kintu mu mukono yangu. Nikajiuliza, donc labda nilikufa mu ile ndege, na batu banaficha. Kwetu banafichaka. Labda banamufichaka na mufu mwenyewe."

Nilimwona tena pale dirishani, na safari hii nilijua alikuwa akitazama nini.

"Nilingoya muntu aniambie," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Weye." Akaanza kucheka, mkono mdomoni. "Ile siku ya viatu. Nilikuletea viatu, weye ukavitupa ku mulango, ukanipigia makelele. Eti nakuletea haya mbele ya benzako. Eti ningebakia tu kule kule. Papa yako alitaka kukupiga, miye nikamushika mukono."

Mimi siikumbuki siku hiyo hata kidogo. Nilimwambia hivyo.

"Miye minaikumbuka kabisa. Mufu banamusifu, Mwadi. Banamulilia, banamupikia, banamuaga muzuri. Hakuna muntu anatukana mufu juu ya viatu." Alijifuta macho kwa upande wa kiganja, bado anacheka. "Ile siku ndiyo nilifika Bruxelles."

Nikalia pale mezani, kwa sauti, mtu mzima mimi. Mama aliniacha nilie. Alisimama tu akaenda kufunga dirisha, majirani wasije wakafikiri kuna msiba.